Alhamisi ya Bibi Leokadia

Jina la Bibi Leokadia lilifutwa mara mbili kabla halijapata mahali pa kukaa. Kwanza Esther aliliandika Jumanne katika ratiba ya rozari ya juma lile, akaona haya mwenyewe, maana Jumanne husaliwa Matendo ya Uchungu, na uchungu bibi wa watu alishapewa wa kumtosha. Akalifuta. Akaliandika Alhamisi, kwa kuwa nyumba zilivyofuatana kutoka barabarani kupanda mlimani, Alhamisi ndiyo iliyokuwa zamu yake ya haki. Hapo mkono ukasita kama punda aliyefika darajani. Akafuta tena, akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe akaliweka Jumamosi, siku ya Matendo ya Furaha, akapuliza vumbi la kifutio na kujiambia kuwa amefanya jambo la huruma.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari. Kila jioni, saa kumi na moja, wanajumuiya wa Mtakatifu Monika pale Bigwa waliibeba sanamu ya Bikira Maria kutoka nyumba ilikolala jana, wakaipandisha au kuiteremsha kwa nyimbo hadi nyumba itakakolala leo. Na walikuwa na desturi yao, ambayo hakuna aliyekumbuka iliasisiwa na nani: sanamu ikishatua mezani, anayeongoza rozari ni mwenye nyumba. Awe msomi asiwe, awe na sauti au awe na kikohozi, humo ndani yeye ndiye anayetangulia. Wengine wote ni wa kuitikia, mwenyekiti na katibu wakiwemo.

Katibu alikuwa Esther, ambaye wengi walimwita Mama Vero. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa kupanga ratiba, na lile alilokuwa akilihangaikia kwa kifutio alilitenda katika mwaka wa kwanza.

Mwaka ule zamu ya Bibi Leokadia iliangukia Alhamisi. Bibi alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye lafudhi ya milimani ambayo miaka hamsini ya kukaa Bigwa haikuweza kuipiga pasi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, rozari imemzunguka vidole, akaanza kwa sauti ile ile aliyowafundishia watoto wa Komunyo ya Kwanza vizazi na vizazi: "Tendo la kwanza la furaha. Malaika Gabrieli anampasha Maria habari..."

Esther alikuwa na majuma mawili tu katika ukatibu. Alikuwa ametoka kwenye semina ya viongozi na daftari lililojaa, na kichwa kilichojaa kuliko daftari. Akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Bibi, samahani. Leo ni Alhamisi. Siku hizi Alhamisi tunasali Matendo ya Mwanga."

"Ndiyo yapi hayo?" bibi akauliza.

"Yale aliyoongeza Baba Mtakatifu. Mwaka elfu mbili na mbili, bibi. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa."

Bibi Leokadia alifikiri. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Zaburi za Daudi ni mia moja na hamsini. Salamu Maria zetu nazo ni mia moja na hamsini, za furaha, za uchungu na za utukufu. Sasa hizo hamsini za juu, mwanangu, zimeongezewa zaburi zipi?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa upendo, wakampendelea bibi, na kicheko kile kikamwingia Esther kama mchanga kwenye jicho. Hapo ndipo alipofanya lile lililokuja kumnyima raha. Alifungua mkoba, akatoa kitabu kidogo cha sala, akakitia katika kiganja cha bibi na kumkunjia vidole juu yake.

"Yamo humu," akasema. "Ukurasa wa kumi na mbili. Ukasome."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua kwamba macho ya Bibi Leokadia yalikuwa yamebaki kutofautisha mchana na giza tu. Na aliyejua kuliko wote alikuwa Esther mwenyewe. Yeye fundi cherehani ndiye aliyekuwa akimpindia kanga zake bure tangu bibi aliposhindwa kulenga uzi kwenye tundu la sindano. Alilijua hilo hata alipokuwa akitamka, na wahenga walishasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona kwa juma moja.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu Ignas, akakohoa na kuishika rozari, akaongoza Mwanga mpaka mwisho. Bibi alikaa na kile kitabu mapajani, kimepinduka juu chini, hakuitikia hata Salamu Maria moja. Tangu siku hiyo, kila alipoombwa kuongoza sala, hata ile fupi ya kubariki chai, alijibu: "Mimi ni wa zamani. Ongozeni ninyi mnaojua."

Kuna makosa ambayo mtu akiyatenda hupata hata usingizi, akijua kwamba sheria iko upande wake. Esther alijaribu njia hiyo. Baada ya mwezi mmoja alimwendea Padri Frank ofisini, akamweleza kisa chote akiwa amelificha jina lake, akasema "katibu mmoja" na "bibi mmoja," akitumaini kuambiwa kuwa katibu huyo alifanya vema. Padri Frank, kijana mwenye ndevu chache na subira nyingi, alimsikiliza huku akizungusha kalamu.

"Papa alipendekeza, Mama Vero, hakuamuru," alisema. "Ni zawadi. Mtu hashikiwi fimbo apokee zawadi. Bibi huyo angesali Furaha kila Alhamisi mpaka Mungu amwite, na asingekuwa amekosa lolote." Kisha akamtazama moja kwa moja. "Huyo katibu ameshakwenda kuomba radhi?"

Hakuwa amekwenda. Alipeleka sukari. Alipeleka sabuni. Alipinda kanga mbili mpya na kushona kitambaa cheupe cha meza chenye maua pembeni. Bibi alivipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru na kumwombea baraka, na kila baraka ilimchoma Esther kuliko tusi. Neno lenyewe, lile neno moja jepesi, halikumtoka mwaka mzima.

Na alikuwa na deni la moyo la zamani zaidi. Rozari alifundishwa na bibi huyo huyo, akiwa na miaka tisa, kwa punje za mahindi: kumi katika mkono wa kushoto, kila Salamu Maria punje moja inahamia mkono wa kulia. Akikumbuka siku zile alikumbuka pia bibi akiwaambia watoto, huku akicheka, jinsi baba yake alivyokuwa mwalimu wa dini huko upande wa Matombo. Masista walipoleta sala ya "Ee Yesu wangu" ya kusaliwa kila baada ya Salamu Maria kumi, mzee yule alikataa katakata, akasema rozari inatiwa viraka. "Basi mimi niliisali chini ya blanketi," bibi aliwaambia. "Kiraka kizuri kinatia joto." Kwa hiyo Esther hakuwa na hata kisingizio cha kusema kwamba bibi ni mtu wa kukataa mambo mapya. Alikuwa amemfahamu miaka yote, na akamfanya kama asiyemfahamu.

Jumatatu mchana, ratiba ikiwa bado haijatoka nyumbani kwake, alikuja Zuhura. Zuhura alikuwa jirani wa Bibi Leokadia, ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu aliyekaanga vitumbua kando ya barabara asubuhi na kurudi kumchotea bibi maji mchana. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, yule kizee na huyu mama. Zuhura alisimama barazani, mikono bado inang'aa mafuta.

"Hodi, Mama Vero."

"Karibu, Zuhura. Habari za huko juu?"

"Njema, shoga yangu. Nimetumwa." Akaketi kwenye ngazi. "Bibi anaomba siku yake iwe Alhamisi."

Mguu wa Esther ukaacha kukanyaga cherehani. "Alhamisi ya nini?"

"Kwa nini Alhamisi, nimekatazwa kusema. Na usiniulize mara ya pili, maana mdomo wangu hauna kufuli." Zuhura akacheka kidogo, kisha akaacha. "Stephano anakuja Jumapili kumchukua mama yake. Anampeleka kwake Dumila, ndiyo moja kwa moja. Bibi anasema kabla hajaiacha nyumba yake anataka aongoze rozari humo mara moja tu. Mimi mambo yenu siyaingilii. Ila mpe Alhamisi yake, Mama Vero."

Esther aliona yote kama yameshatokea: bibi kwenye kigoda chake, siku ile ile, katika nyumba ile ile, akitamka "Tendo la kwanza la furaha" mbele ya kadamnasi, na desturi inamlinda, na hakuna awezaye kufungua kinywa. Kisha macho ya watu wote yanageuka polepole kumtafuta katibu. Ndipo bibi angekwenda zake Dumila ameshinda. Hakujiuliza kama Bibi Leokadia aliwahi hata siku moja kutaka kumshinda mtu. Mwenye hatia humdhania mwenzake ubaya, na Esther hakuwa tofauti.

"Haiwezekani," akasema. "Ratiba nimeshaipeleka kwa mwenyekiti. Siku zimejaa."

Ratiba ilikuwa pale pale, chini ya kitambaa alichokuwa akishona, pembe yake moja imechungulia nje. Macho ya Zuhura yakaiangukia, yakakaa hapo kitambo, kisha yakarudi usoni kwa Esther.

"Haya," akasema Zuhura, akijipangusa mikono. "Nitamwambia."

Alhamisi ilipofika sanamu ilikwenda kwa mwalimu Ignas. Wakasali Mwanga kama inavyotakiwa, kila neno mahali pake. Esther aliitikia akiwa hayupo.

Jumamosi jioni ukungu ulikuwa umeshuka Uluguru hadi kwenye migomba ya mwisho, na wabeba sanamu walipanda wakiwa wamejitanda kanga mabegani. Nyumba ya Bibi Leokadia ilikuwa imekwisha kufungwa mizigo. Magunia mawili mlangoni, sufuria zimefumbatana ndani ya beseni, godoro limekunjwa na kukazwa kwa kamba. Kilichobaki kama nyumba ni kigoda chake na meza, na juu ya meza kile kitambaa cheupe chenye maua. Nyuma, kwenye mlango wa uani, Zuhura alikuwa ameinamia jiko, akikaanga vitumbua vya wageni.

Sanamu ikawekwa. Watu ishirini na wachache wakabanana mikekani. Bibi alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Mkono wa kulia ulishika rozari. Wa kushoto ulishika pindo la kanga yake, na katika pindo hilo palikuwa na mafundo madogo, moja baada ya jingine. Esther alidhani amefunga ugoro, kama wazee wengine.

"Tumsifu Yesu Kristo," bibi akasema.

"Milele amina."

Akapiga ishara ya msalaba. Akasali Nasadiki, na sauti yake, ambayo jumuiya haikuisikia ikitangulia kwa mwaka mzima, ilikuwa imechakaa kidogo pembezoni lakini haijatoboka. Kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto kikalitafuta fundo la kwanza, kikalipata.

"Tendo la kwanza la mwanga," akasema Bibi Leokadia. "Bwana Yesu anabatizwa mtoni Yordani. Tumwombe Mungu atukumbushe kwamba wote tulitoka katika maji yale yale."

Mikekani pakapita mnong'ono. Mwalimu Ignas, aliyekaa ubavuni mwa Esther, aliinama kumsogelea sikio. "Katibu. Leo Jumamosi. Ni Furaha."

Esther alijua. Vichwa kadhaa vilishageuka kumwelekea, kama alivyoogopa, isipokuwa safari hii havikuwa vikimlaumu, vilikuwa vikimngoja. Wote walikumbuka mwaka jana. Wote walijua kwamba huyu ndiye mtu wa kanuni, huyu ndiye asiyeacha kitu kipite. Na kanuni ilikuwa upande wake tena, timilifu, haina kasoro. Mwaka mmoja bibi alisali Furaha siku ya Mwanga, akasahihishwa. Mwaka huu anasali Mwanga siku ya Furaha. Neno la kumsahihisha lilikuwa tayari kinywani, limejipanga lenyewe kwa mazoea, na Esther alipolitambua likiwa pale juu ya ulimi aliogopa. Aliona jinsi ambavyo lingetoka kwa urahisi.

Bibi alikuwa ameshaanza Baba Yetu. Akafika mahali pa kuwaachia wengine, akanyamaza. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyeitikia.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku," akasema Esther, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, peke yake kabisa. "Utusamehe makosa yetu..." Hapo wengine wakadakia, kwanza wawili, kisha wote, na mwalimu Ignas mwisho wa wote, akitikisa kichwa. Kama katibu ameitikia, nani tena wa kukataa?

Kidole gumba kikahamia fundo la pili.

"Tendo la pili la mwanga. Arusi ya Kana. Divai iliisha, na wa kwanza kuona alikuwa Mama yake Yesu. Hakupiga kelele. Alimnong'oneza mwanawe." Kidole cha bibi kikalizunguka fundo. "Tumwombe Mungu atupe macho ya kuiona aibu ya mwenzetu kabla ya watu kuiona, na tumfunike."

Esther aliitikia kumi lile akiwa ameinamisha kichwa. Hakujua kama maneno yale yalikuwa yake au yalikuwa ya wote. "Utuombee sisi wakosefu," alisema mara kumi, na kila mara neno la mwisho lilimlemea. Sasa alikuwa ameanza kuelewa. Mtu asiyeona hasomi ukurasa wa kumi na mbili. Basi nani alimsomea? Akayatazama yale mafundo vizuri. Katika la kwanza kulionekana umbo la kokoto, jiwe laini kama yale ya mtoni pale chini. Katika la tatu, bibi alipotangaza Ufalme wa Mungu, kidole chake kilisugua kitu kidogo kigumu, na Esther aliitambua punje ya hindi kabla hata ya kufikiri. La nne, mlimani, Bwana aking'aa mbele ya wanafunzi wake, lilikuwa na kijiti kilichochungulia, labda ukuni wa huko juu. Bibi alikuwa ameyafunga Matendo ya Mwanga kwenye kanga, moja moja, kama mtu afungavyo vitu vya safari.

Kidole kikafika fundo la tano. Kikalibonyeza. Kikalibonyeza tena.

"Tendo la tano la mwanga," akasema Bibi Leokadia.

Akaligeuza fundo, akaliminya kwa vidole viwili. Lilikuwa tupu. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mafuta ya vitumbua yalisikika yakichachatika uani, na mtoto mmoja akapiga chafya. Esther alilijua tendo la tano kama alijuavyo jina lake. Angeweza kulinong'ona, na alifungua kinywa kulinong'ona, kikabaki wazi. Sauti ya kumsahihisha bibi huyu ilikuwa na historia. Hata kama angemsaidia, ingesikika vile vile. Hilo ndilo alilojinyang'anya mwaka jana, haki ya kumkumbusha mwalimu wake neno moja, na alikaa pale akiona jinsi uso wa kizee unavyoanza kuzama, asiweze kunyoosha mkono.

"Mkate, bibi!" sauti ikaita kutoka uani. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Ule mkate walioula sisimizi!"

"Ehe!" Bibi akapiga paja. "Mkate! Mwaona nilivyodhulumiwa na wadudu? Tendo la tano la mwanga. Bwana Yesu anatuwekea sakramenti ya Ekaristi Takatifu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mwalimu Ignas akafuta macho kwa leso, na wakasali kumi la mwisho wakiwa bado wanacheka pembe za vinywa. Esther peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Zuhura, aliyerudi jikoni kwake kana kwamba hakufanya lolote.

Watu walikula, wakaaga, wakambusu bibi mikono, wengine wakalia kidogo kwa ajili ya Dumila. Esther alibaki kukunja mikeka. Sanamu ilibaki mezani, ndiyo ilikuwa zamu yake kulala hapo.

"Esta, ni wewe?" bibi akauliza kutoka kigodani.

"Ni mimi, bibi."

"Nimekusikia. Unanukia mafuta ya cherehani." Akanyoosha mkono, Esther akaja akapiga magoti, akaupokea. "Niambie kweli. Leo sikukosea siku?"

"Hukukosea, bibi," akasema Esther.

Bibi Leokadia akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. "Muongo wewe! Leo Jumamosi. Macho ndiyo yamekufa, siku nazihesabu vizuri tu. Alhamisi niliiomba, nikaambiwa imejaa. Nami Mwanga nimejifunza miezi saba, Zuhura akisoma huku vitumbua vinaungua. Nimwachie nani?" Kisha kicheko kikamtoka polepole, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. "Kumbe kudanganya unajua. Uongo huo mdogo, mwanangu, mwaka jana ulikuwa wapi? Ungenidanganya siku ile. Siku moja tu."

Esther akalia. Alilia vibaya, bila adabu, uso juu ya mapaja ya bibi, pale pale kilipokaa kile kitabu. "Alhamisi haikuwa imejaa," akasema alipoweza. "Ratiba nilikuwa nayo. Nilidanganya."

"Najua. Zuhura aliiona chini ya kitambaa."

"Nisamehe, bibi. Ya mwaka jana, na ya Jumatatu."

Mkono wa kizee ulikuwa juu ya kichwa chake, mwepesi. Huko nje Zuhura alikuwa akimwagia maji makaa, na sauti ya moto unaozimika iliingia mpaka ndani.

"Nalo tendo la kusamehe ninajifunza," akasema Bibi Leokadia hatimaye. "Si jepesi, kwa umri huu. Nimefika fundo la nne."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Stephano alikuja na gari la mizigo la kukodi. Bibi aliketi mbele kati ya mwanawe na dereva, pindo la kanga mkononi, na alipopungiwa mikono alipunga naye kuelekea upande ambao hapakuwa na mtu. Esther alisimama barabarani hata gari lilipokwisha kupotea.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Esther mwenyewe. Tangu mchana alifagia, akapanga viti, akatandika mezani. Saa kumi na moja kasoro, nyimbo za wabeba sanamu zikiwa zimeanza kusikika kutoka bondeni, Zuhura aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi.

"Bibi kaacha hiki. Kasema ni chako." Akamkabidhi kile kitabu kidogo cha sala. "Samahani, Mama Vero. Kimeingia mafuta. Sikuwa na mikono mingine."

Esther alikifungua, na kilijifungua chenyewe ukurasa wa kumi na mbili, kwa mazoea. Alama za vidole vya Zuhura zilikuwa kila mahali, moja juu ya nyingine, jioni baada ya jioni. Mafuta yalikuwa yameilowesha karatasi hata ikawa nyepesi kama ngozi ya kitunguu, na alipoinua kitabu kwenye mwanga wa dirisha, maandishi ya upande wa pili yakajitokeza katikati ya haya. Katikati ya Yordani aliweza kusoma, kinyumenyume, malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Hakuweza tena kuusoma ukurasa mmoja bila wa pili.

Wakaingia. Sanamu ikatua mezani, watu wakaketi, wakatulia. Mwalimu Ignas alimtazama, akangoja, akakohoa.

"Katibu," akasema, "ni nyumba yako. Tunakusikiliza."

Esther alipiga ishara ya msalaba. Akasali Nasadiki. Kisha akashika pindo la kanga yake kwa mkono wa kushoto, akakuta halina hata fundo moja, na akafungua kinywa bila kujua bado kama litatoka tendo la mwanga au la furaha.